Mkasi, kisu au wembe: ununue kipi kwanza kubebeshea miche ya matunda?

Mkasi wa kubebesha, yaani wa kuunganisha kikonyo (kijitawi cha aina unayoitaka) juu ya shina la mche mwingine, siku hizi unauzwa kila mahali, hasa mitandaoni. Unakuja kwenye boksi pamoja na viwembe vya akiba, bisibisi na spana ndogo, na picha ya nje inaonyesha vipande viwili vya tawi vilivyoingiana kama kufuli na ufunguo wake. Mtu anayeotesha miche ya parachichi Njombe au Murang'a akiiona picha hiyo, mkono tayari umeshaingia mfukoni. Asubiri kwanza.

Mkato ule wa pichani huitwa omega, kwa kuwa unafanana na herufi ya Kigiriki Ω, na umezoeleka zaidi kwenye mizabibu. Tangu mdudu wa filoksera alipoangamiza mashamba ya mizabibu Ulaya katika karne ya 19, wakulima wa huko hubebesha aina zao juu ya mashina yenye asili ya Marekani. Hutumia vijiti vya majira ya baridi: havina majani, ni vigumu, na unene wake ni rahisi kuulinganisha. Kwa kazi hiyo omega haina mpinzani. Lakini mwembe na mparachichi havipukutishi majani hivyo, vikonyo vyake mara nyingi ni laini, na kitaluni kwetu mche mmoja ni mnene kama kidole na jirani yake kama kijiti cha kiberiti. Kwa hiyo kwangu mkasi ni wa tatu.

Wa kwanza ni kisu cha kubebesha chenyewe, kile kilichonolewa upande mmoja tu na upande wa pili ukaachwa bapa. Ubapa huo ndio unaonyoosha mkato. Kisu cha makali pande mbili, kama cha jikoni, huelekea kuchimba ndani ya tawi na kuacha bonde. Victorinox wa Uswisi na Tina wa Ujerumani wanavitengeneza vizuri, ila bei zao zinauma, na kisu cha bei nafuu kinachokubali kunolewa kinatosha kabisa. Kijaribu kabla ya kulipa: nyoa kijiti kibichi kwa mvuto mmoja wa sentimita tatu au nne, kisha laza sehemu iliyokatwa juu ya rula na uelekeze kwenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati, kinoe upya au kirudishe. Anayetumia mkono wa kushoto aulizie kisu cha kushoto, kwa sababu makali ya upande mmoja yana mwenyewe.

Faida kubwa ya kisu ni urefu wa mkato. Kinachoungana hasa ni kambiamu, tabaka jembamba lililo chini tu ya gome. Mkato mrefu wa kabari unagusanisha kambiamu nyingi kuliko umbo fupi la mkasi, na kikonyo kikiwa chembamba kuliko shina, unakisogeza pembeni mpaka magome yakutane upande mmoja. Mkasi hukata katikati. Vipande visipolingana unene, gome linaweza lisikutane na gome popote. Halafu kuna machungwa. Mchungwa hubebeshwa kwa jicho, yaani chipukizi moja na kipande chake cha gome, mara nyingi juu ya mche wa limau, na hapo unahitaji kisu chenye ncha butu ya kuinulia gome. Mkasi hauna la kufanya.

Wa pili ni wembe wa kawaida, au kisu cha kukatia karatasi chenye makali ya kuvunjavunja. Usiudharau. Kwa vikonyo laini vya mwembe unakata safi, ni wa bei rahisi, na ukipoteza makali unautupa. Kwenye shina lililokomaa unapinda, na vidole vyako havina usalama, basi funga tepu upande unaoshika.

Sasa mkasi. Unajilipa kwa mwenye kitalu kikubwa, miche imepangwa kwa unene na yote inakaribia penseli, na wasaidizi bado hawajazoea kisu. Chagua unaobadilishwa viwembe, na kwa maembe na maparachichi mimi ningechukua kiwembe cha V kabla ya omega. Dukani kata vijiti viwili vya unene sawa, viunganishe, uvitazame dhidi ya jua. Angalia pia kama gome limepondeka pembezoni. Likipondeka kwenye kiwembe kipya, baada ya miche mia itakuwaje? Muulize muuzaji kama anauza viwembe peke yake. Akisita, achana nao. Na usiutumie kupogolea matawi: kwa kazi hiyo nunua mkasi mwingine wa kupogolea.

Kama unabadilisha mwembe mkubwa wa zamani uzae aina nyingine ya maembe kama Kent au Apple, mkasi huo uache dukani. Kazi hiyo ni ya msumeno na kisu.

Pesa itakayobaki itie kwenye utepe wa plastiki unaovutika na chupa ya spiriti. Hata omega iliyojifunga yenyewe inahitaji kuzungushiwa utepe mpaka hewa na maji visipenye, la sivyo kikonyo kitakauka kabla hakijashika. Spiriti ni ya kufutia makali kila unapohama mche, na kwenye mwembe futa mara nyingi zaidi, kwa kuwa utomvu wake hugandia kwenye chuma na kufanya hata kisu kizuri kivute gome badala ya kulikata.