Duka la vitabu vya chuo nyuma ya Makoroboi: bei iko ndani ya jalada

Nianze na bei, maana ndizo zilizonifanya niandike. Kitabu cha uhasibu wa gharama, toleo lililotangulia hili la sasa, chapa ya India, mtumba: shilingi 28,000. Hicho hicho kikiwa kipya, toleo la sasa: 65,000. Bei zote mbili zimeandikwa kwa kalamu kwenye kadi iliyobandikwa ndani ya jalada, na chini yake ipo ya tatu, ile ambayo duka litakulipa ukikirudisha muhula ukiisha: 15,000. Unafungua, unasoma, unajua. Hakuna anayekuangalia kwanza umevaaje ndipo akutajie.

Duka lenyewe ni chumba kimoja chenye mlango wa bluu, mitaa ya nyuma ya Makoroboi jijini Mwanza, halina hata kibao cha jina. Ukitoka Nyegezi kwa daladala za kupitia Mkuyuni na Igogo, ukifika mjini waulize machinga wanaouza mabegi, wote wanalijua. Rafu zimepangwa kwa kozi: uhasibu, sheria, ualimu, takwimu, menejimenti. Mlangoni kuna ubao ambao kila Jumatatu mama mwenye duka huandika vitabu vilivyoingia na bei zake, kisha anaupiga picha na kuuweka kwenye status ya WhatsApp.

Mimi nasoma uhasibu mwaka wa pili, na ni CR, yaani mwakilishi, wa darasa letu. Aliyewahi kuwa CR anajua: mwanzo wa muhula wahadhiri wanakukabidhi kozi autilaini, unazirusha kwenye grupu, na ndani ya dakika chache swali ni moja, "CR, hiki kitabu bei gani?" Kozi autilaini ina jina la mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka na sura za kusoma kila wiki. Bei haimo. Kwa hiyo jibu lilikuwa lile lile la ma-CR wote waliotutangulia: tuulizie mjini.

Kuulizia mjini ni kazi inayochosha kuliko kusoma kwenyewe. Kuna duka moja kubwa, silitaji, ambako mwenzangu alitajiwa 70,000 asubuhi, nami mchana wa siku hiyo hiyo nikatajiwa 85,000 kwa nakala ile ile iliyokuwa juu ya kaunta. Nilipouliza kwa nini, nikaambiwa bei inategemea. Inategemea nini? Halafu wapo madalali wa chuoni, ambao hawana duka wala nakala mkononi, wanachukua kwa watu na kuweka cha juu. Bumu, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi, likiingia, cha juu nacho kinapanda, kwa sababu siku hiyo kila mtu anajua una hela.

Na hela yenyewe si siri. Bodi ya Mikopo inatoa fedha ya vitabu na viandikwa, kiwango chake ni 200,000 kwa mwaka kwa anayeipata. Muhula mmoja una kozi tano au sita, mwaka una mihula miwili. Toa madaftari, toa kalkuleta, toa kopi za kila wiki. Kwa bei za kubahatisha, vitabu viwili vipya vinaimaliza. Watu wanasema wanafunzi wa siku hizi hawataki kununua vitabu, wanataka madesa tu, yaani notisi fupi za kunakili. Mimi nawajua wenzangu kwa majina na hali zao, na nasema hapana. Mtu ambaye hajui kitabu ni 28,000 au 85,000 hawezi kukitengea fedha. Inaliwa, inalipa kodi ya geto, inatumwa nyumbani, na mtihani unamkuta na desa la kurasa kumi na mbili.

Baba yangu ni mvuvi Ukerewe. Mafuta ya injini ya mtumbwi wake anayajua bei kabla hajainuka kitandani, kwa sababu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila mwezi na kituo cha mafuta kinatakiwa kuiweka kwenye bango mahali mteja anaiona. Akikuta imepanda anajipanga, akikuta imeshuka anajipanga. Hivyo ndivyo mama wa Makoroboi anavyofanya kwa vitabu, na hakuna aliyemlazimisha.

Sasa niwaeleze ile kadi vizuri, kwa sababu ndiyo thamani ya duka hili. Ina namba ya toleo, mwaka wa kuchapwa, nchi kilikochapwa, ISBN (namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu), zile bei tatu, na mstari wa mwisho ulioandikwa "kilichobadilika". Mstari huo peke yake umeokoa fedha nyingi darasani kwetu. Wachapishaji wakubwa wa vitabu vya chuo hutoa toleo jipya kila baada ya miaka michache, na mara nyingi mabadiliko ni kupanga upya maswali na kubadili mifano. Mwanafunzi hana namna ya kujua. Anaona mwaka wa zamani, anaogopa, anaacha nakala ya 28,000 na kutafuta ya 65,000. Uhasibu wa gharama haujabadilika hivyo. Namna ya kugawa gharama za jumla kwenye bidhaa ni ile ile.

Lakini uhasibu wa fedha ni habari nyingine, na hapa ndipo mama alipoonyesha kwamba anajali. Nilishika kitabu kizuri, safi, 20,000 tu. Kadi ikasema: "Sura ya ukodishaji imepitwa na wakati, ni IAS 17." Ni kweli. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IFRS 16 kilianza kutumika tarehe 1 Januari 2019 na kikaiondoa IAS 17, kile cha zamani. Mkodishwaji sasa anaweka karibu mikataba yote ya ukodishaji kwenye mizania, tofauti kabisa na zamani. Ukifanyia mtihani kwa sura ile ya kale, swali zima limepotea. Mama hakukificha kitabu wala hakukitupa. Amekipunguzia bei na kusema sababu, mnunuzi aamue. Nilikinunua, nikasoma ukodishaji kwingine.

Kwenye kodi ni mkali zaidi.

"Shikamoo mama. Hiki cha kodi mbona umekiweka chini kabisa?"

"Marahaba mwanangu. Hicho acha. Sheria ya Fedha inapita kila mwaka, Julai mosi viwango vinabadilika. Kijitabu cha TRA cha viwango ni bure, chukua kwenye tovuti yao. Ukielewa misingi, rudi nikuuzie hiki kwa 8,000."

Ni mara ya kwanza kuona mfanyabiashara wa vitabu akimwambia mteja ashike njia ya bure.

Wengi wanadhani chapa ya India ni feki. Si lazima iwe feki. Wachapishaji wa Uingereza na Marekani wenyewe huruhusu matoleo ya bei nafuu kwa masoko ya Asia: karatasi nyepesi, jalada laini, picha nyeusi na nyeupe, na mara nyingi nyuma kuna maandishi yanayotaja nchi ambako kinatakiwa kuuzwa. Kadi ya mama inasema pia kama maandishi hayo yapo. Jambo hili liliwahi kufika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwanafunzi kutoka Thailand, Supang Kirtsaeng, akiwa anasoma huko, aliwaomba ndugu zake wamnunulie nyumbani matoleo ya Asia ya vitabu vya John Wiley & Sons, akawa anayauza Marekani kwa faida. Kampuni ikamshtaki. Machi 2013 majaji sita dhidi ya watatu wakaamua kwamba kitabu kilichonunuliwa kihalali ng'ambo kinaweza kuuzwa tena Marekani. Hiyo ni sheria yao, si yetu. Ninachokichukua mimi ni kwamba bei ya kitabu cha chuo inapangwa kwa kuangalia mnunuzi yuko soko gani, wala si kwa uzito wa karatasi. Ndiyo maana ni muhimu iandikwe wazi.

Huko huko Marekani walitunga sheria ya elimu ya juu mwaka 2008 yenye kifungu cha vitabu, kikaanza kutumika Julai 2010. Mchapishaji anayempelekea mhadhiri kitabu anatakiwa amtajie bei, miaka ya matoleo matatu yaliyopita, na mabadiliko makubwa yaliyofanywa. Kitabu kinachouzwa pamoja na sidii au mazoezi kinatakiwa kiuzwe pia peke yake. Na vyuo vinatakiwa, pale inapowezekana, viweke ISBN na bei ya kila kitabu kwenye ratiba ya kozi kabla mwanafunzi hajajisajili. Nilipoisoma nilishangaa, kwa sababu ni ile kadi ya mlango wa bluu, karibu mstari kwa mstari, na mama hajawahi kuisikia.

Pana jambo la kopi. Steshenari za karibu na vyuo zinatoa kopi ya kitabu kizima, kila mtu anajua, na kila mtu anajua pia kwamba hakimiliki hairuhusu. Mama hatoi. Lakini fanyeni hesabu tu: kwa shilingi 50 kwa ukurasa, kitabu cha kurasa 700 ni 35,000, bado kufungwa, na muhula ukiisha hakuna atakayekurudishia hata shilingi. Mtumba wa 28,000 unaorudishwa kwa 15,000 umekugharimu 13,000. Nilipoiweka hesabu hii kwenye grupu, watu walioshazoea kopi walikwenda mjini wenyewe.

Anachochapa mama ni vitabu vya OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice kule Texas ulioanza kutoa vitabu mwaka 2012. Ni bure kwenye intaneti, na leseni zake zinaruhusu kunakili. Takwimu, uchumi, uhasibu wa mwanzo, vyote vipo. Mama amebandika ukutani orodha ya kozi zinazoweza kutumia vitabu hivyo, na ameandika wazi kwamba kitabu ni bure, unacholipia ni karatasi na kufunga. Kwa mwenye bando na simu nzuri hana haja ya kulipa chochote. Kwa sisi tunaokaa geto ambako umeme unakatika na simu moja wanaitumia watu wawili, karatasi ina maana yake.

Upungufu upo. Vitabu vya afya ni vichache mno; rafiki zangu wa Bugando wamekwenda na kurudi mikono mitupu, na wao ndio wenye vitabu ghali kuliko sisi wote. Vya sheria vipo, lakini vingi ni vya zamani na mstari wa "kilichobadilika" umeachwa wazi, jambo ambalo kwa sheria ni hatari. Kadi haisemi hali ya kitabu. Mwenzangu alinunua cha menejimenti akakuta kurasa za katikati zimechanwa. Alibadilishiwa bila ugomvi, ila ilimlazimu kulipa nauli tena. Bei ya kurudishia nayo inashuka kama mhadhiri ameacha kukitumia kitabu hicho, na hilo lilipaswa kuandikwa kwenye kadi, maana mtu anahesabu 15,000 yake. Jumapili hafungui. Nampa nyota nne kati ya tano, na ya tano ni ya rafu ya afya.

Kwa walio mbali: binamu yangu anasoma chuo cha ualimu Murutunguru. Alitumiwa picha ya kadi, akalipa kwa lipa namba, kitabu kikapanda meli ya Nansio. Nauli ya mzigo aliambiwa kabla, kando ya bei ya kitabu, si kuchanganywa ndani yake.

Muhula huu nilimpelekea mhadhiri wetu mmoja picha za kadi mbili, toleo jipya na lililotangulia, bei zikionekana. Aliangalia kwa muda, akaniuliza kama maswali ya sura ya nne ni yale yale. Nikampelekea kitabu chenyewe. Wiki iliyofuata kozi autilaini ilirudi na maneno mapya: toleo lolote kati ya haya mawili linakubalika, na kurasa za kusoma zikaandikwa za matoleo yote. Bei hakuiweka, alisema hana uhakika nayo. Basi nimeomba darasa liruhusiwe kuiongeza safu hiyo sisi wenyewe kila muhula, kwa kalamu kama itabidi, na amekubali tuanze na kozi yake.

Ma-CR wa vyuo vingine vya Nyegezi, Butimba na mjini: mama anapokea kozi autilaini kabla muhula haujaanza, anaangalia alichonacho na kukupa bei za orodha nzima kwenye karatasi moja. Mpelekeeni mapema, kabla ya bumu. Na mnaomaliza mwaka wa tatu, anakusanya vitabu vyenu mpaka wiki ya mwisho ya mitihani. Vya afya anavitaka zaidi ya vyote.