Stabilaiza ya redio: nilitoa laki na ishirini, ngurumo ikabaki palepale

Amplifaya yangu ni ya kizamani, ile nzito yenye transfoma kubwa ndani. Naishi Ujiji. Mwaka jana ilianza kunguruma, mmmmm, hata sauti ikiwa sifuri. Muuza duka mmoja akaniambia, "Kaka, huo umeme mchafu, chukua stabilaiza," yaani boksi la kusawazisha volti zinapopanda na kushuka. Nikalipa, nikapakia boksi la VA 1000 kwenye bodaboda.

Nimefika, nimewasha. Mmmmm ileile.

Wiki nzima nilikuwa namsema yule muuzaji kimoyomoyo. Kisha siku moja binti yangu, akifuta vumbi, akachomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Kimya! Akauchomeka, ngurumo ikarudi. Kumbe dishi limefungwa kwenye bomba la chuma lililozama ardhini, na amplifaya nayo ina ethi yake (waya unaoenda ardhini) kwenye soketi. Ethi zikiwa mbili, umeme kidogo wa hezi 50 unazunguka katikati yake kupitia waya wa sauti unaotoka kwenye king'amuzi, na amplifaya inaukuza kama muziki. Stabilaiza itazuia nini hapo? Fundi alitaka kukata ethi ya plagi. Nikakataa, maana bodi ya chuma ya amplifaya ikipata shoti huo ndio waya unaokuokoa. Siku hizi nikipiga muziki nachomoa tu waya wa dishi.

Lakini stabilaiza sikuirudisha dukani. Kioo chake kinaonyesha umeme unaoingia: asubuhi volti 228, saa moja jioni mtaa mzima ukipiga pasi, 184. Zamani saa hizo nikiongeza sauti besi ilikuwa inapasuka. Sasa inatoka 215 hivi na besi inakaa. Kero ni jirani anayechomelea mageti: kila akigusa chuma, boksi linalia tak! tak! Kwenye taarabu ya taratibu inaudhi kweli.

Stabilaiza haizuii radi, usidanganywe. Mvua zetu za Kigoma mnazijua. Wingu likitanda nachomoa plagi. Televisheni sijaichomeka humo kabisa, kibandiko chake nyuma kinasema volti 100–240, inajimudu. Amplifaya yangu imeandikwa 220–240.

Ningekuwa nanunua leo, ningeanza kwa kuazima mita ya fundi, nipime soketi jioni siku tatu nne, ndipo nitoe hela.

Mke wangu analitaka boksi hilo kwa ajili ya friji. Bado tunavutana.