Kondishena ya kuoshea nywele bila shampuu: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukiacha shampuu ukaanza kuosha nywele kwa kondishena peke yake, unaipa kazi mbili: kulainisha na kutoa uchafu. Hiyo ya pili inaiweza kwa kiasi tu. Jasho, vumbi la boda na mafuta mepesi itatoa, lakini silikoni nyingi (vilainishi vya kiwandani vinavyouvisha unywele utando wa kuteleza) zitabaki palepale. Ndiyo maana nimezipanga kondishena kwa swali moja: nikishaipaka, nitaitoa kwa kitu gani?

Majina ya kampuni sitataja. Kiwanda hubadilisha mchanganyiko na chupa ikabaki na sura ileile, na jina moja unaweza kulikuta Kikuubo, soko la jumla la Kampala, limetoka nchi mbili tofauti. Geuza chupa usome nyuma. Parachichi na nazi zilizochorwa mbele ni matangazo. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi, isipokuwa vile visivyozidi asilimia 1, ambavyo hupangwa vyovyote mwishoni. Silikoni utaijua kwa mkia wa jina: -cone, -conol, -siloxane.

Ya kwanza: nyepesi, isiyo na silikoni kabisa. Hii ndiyo ningemnunulia mdogo wangu bila kufikiri mara mbili. Baada ya maji utaona cetyl alcohol au cetearyl alcohol (usiogope, hiyo ni alkoholi ya mafuta, haikaushi nywele kama spiriti), kisha cetrimonium chloride au behentrimonium chloride. Hizi mbili za mwisho ndizo zinazofanya kazi. Zina chaji chanya, unywele una chaji hasi, kwa hiyo zinaung'ang'ania na kuulainisha. Na kwa kuwa upande wao mmoja unapenda mafuta na mwingine unapenda maji, zinaondoka na sehemu ya uchafu unaposuuza.

Bei ni muhimu hapa kuliko unavyodhani, maana utatumia nyingi. Nywele asilia zinazofika begani zinaweza kumeza viganja viwili kwa mara moja, na lazima uzisugue kwa ncha za vidole mpaka kwenye ngozi, kisha usuuze muda mrefu. Piga hesabu kwa mililita: chupa ya 250 ikiuzwa nusu ya bei ya lita nzima, unalipa mara mbili. Tena angalia mafuta. Ukiona paraffinum liquidum au petrolatum katika majina matano ya mwanzo, hiyo si ya kuoshea.

Ya pili: kondishena zilizotengenezwa kwa ajili ya kuosha. Mara nyingi zina cocamidopropyl betaine, sabuni ya upole inayotoa povu dogo. Zinasafisha vizuri kuliko za kwanza, na nimezishusha kwa sababu ya bei tu. Kama unashinda kwenye jua au unavaa helmeti kila siku, zipandishe juu. Lakini nazo zisome nyuma, kwani si zote zimeepuka silikoni.

Ya tatu: zenye silikoni inayoyeyuka majini. Jina huanza na PEG, kama PEG-12 dimethicone. Mtelezo wa kuchania unaupata, na zinatoka bila shampuu. Shida ni kuzipata. Kwenye kondishena za bei nafuu sizioni mara nyingi.

Ya nne: amodimethicone. Hapa watu hubishana. Ina chaji chanya, kwa hiyo hukimbilia sehemu zilizoharibika: ncha zilizokatika, nywele zilizotiwa dawa au rangi. Kwa nywele hizo inafanya kazi nzuri kweli. Kuna imani kwamba ikiandikwa pamoja na trideceth-12 na cetrimonium chloride basi inayeyuka majini. Hapana. Viwili hivyo vipo ili kuishikilia ndani ya mchanganyiko isijitenge. Ikishakaa kwenye unywele, maji peke yake hayaiondoi. Inunue kama una nywele za dawa na uko tayari kutumia shampuu mara mojamoja. Kwa nywele asilia ambazo hazijaharibika, sioni sababu.

Ya mwisho: dimethicone na dimethiconol. Utasikia watu wakisema silikoni ni sumu na inaziba nywele zisipumue. Yenyewe si sumu. Unywele uliokwisha kuota nje ya ngozi haupumui, kwa hiyo hauna pumzi ya kuzibwa, na dimethicone inaupunguzia msuguano wa chanuo na madhara ya pasi ya nywele. Tatizo ni mrundikano. Kila osha inaongeza tabaka, na kondishena inayofuata haina nguvu ya kulibandua. Utaijua hali hiyo bombani: maji yanagawanyika matone na kuteleza kama kwenye jani la mgomba, kichwa kinachukua muda kulowa, na zikikauka nywele zinakuwa nzito bila uhai.

Na seramu za kung'arisha ziko kundi hilihili. Utaambiwa cyclopentasiloxane inapaa hewani, na ni kweli inapaa, lakini dimethiconol iliyochanganywa nayo inabaki. (Umoja wa Ulaya ulizuia hiyo cyclopentasiloxane kufikia asilimia 0.1 katika bidhaa za kusuuza tangu 2020, kwa sababu haiozi upesi majini.)

Ukishindwa kuiacha silikoni, usiiache. Nunua pia chupa ndogo ya shampuu yenye sodium laureth sulfate, sabuni yenye nguvu ya kubandua tabaka hilo, uitumie kila baada ya wiki kadhaa, maji yakianza kuteleza. Sabuni ya mche siishauri: ni kali kwa nywele, na kwenye maji magumu ya visima huacha utando mweupe. Kabla ya kusuka rasta pia osha kwa shampuu, kwa sababu kilichobaki kwenye mizizi utakaa nacho wiki zote hizo. Mwenye mba inayowasha naye kondishena peke yake haitamfaa. Aanze na shampuu ya mba.

Zilizofungwa dukani, tazama alama ya UNBS (shirika la viwango la Uganda) na tarehe ya mwisho. Zile za kupimiwa kutoka kwenye jerikeni la saluni la lita 5, ukatiliwa kwenye chupa ya maji, zina bei nzuri, ila orodha inabaki kwa muuzaji. Mwombe akuonyeshe jerikeni uipige picha kabla hajamimina. Akikujibu, “Nyabo (bibi), hii ndiyo wanayotumia wote,” bila kukuonyesha, nenda duka linalofuata.