Sinners: chagua ukumbi kabla ya kukata tiketi
Filamu hii ya Ryan Coogler (2025, dakika 137) inadai skrini kubwa. Kwenye IMAX, yaani kumbi za skrini kubwa mno, picha ya baadhi ya matukio hupanuka juu na chini. Ukumbi wa kawaida huonyesha picha ndefu nyembamba, 2.76 kwa 1 (upana kwa kimo), yenye mikanda myeusi. Sehemu kubwa ni usiku, hivyo taa ya projekta ikichoka, nyuso zinazama gizani.

Michael B. Jordan anacheza mapacha, Smoke anayevaa buluu na Stack anayevaa nyekundu. Watazame wanapopokezana sigara moja: mshono wa picha zilizounganishwa hauonekani kabisa! Mwanzo unajivuta kidogo, lakini ngoma ya usiku ndani ya kiwanda cha zamani cha mbao inalipa yote. Majina yakianza kupita, usiinuke. Tukio zito bado linakuja.