Kichupa cha MIF-1: Nilicholipia na Nilicholetewa

Kichupa hiki nilikiagiza mtandaoni kwa shilingi 4,500, nikaletewa na bodaboda hadi Makadara siku ya pili, ndani ya kijisanduku kisicho na maandishi yoyote. Muuzaji, ambaye simtaji, alikitangaza kuwa tiba ya sonona iliyothibitishwa. Kibandiko chenyewe kinasema mengine: MIF-1, miligramu 10, na chini yake, kwa herufi ndogo kama mbegu za ufuta, kwamba ni kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu.

Na dutu yenyewe sina ugomvi. MIF-1 ni peptidi ndogo mno, ya asidi amino tatu tu, ambazo ndizo zilizo kwenye mkia wa homoni ya oksitosini. Nchini Marekani, Rudolph Ehrensing na Abba Kastin waliijaribu kwa wagonjwa wa sonona, wakachapisha matokeo mwaka 1974 na tena 1978. Utafiti wa pili ndio ulionifanya nifungue mkoba: waliopewa miligramu 75 walipata nafuu kuliko waliopewa 750, kinyume kabisa cha mazoea yetu ya kuongeza kijiko pale dawa inapokawia. Hata hivyo, waliojaribiwa walikuwa wachache, na mpaka leo peptidi hii haijaidhinishwa kuwa dawa ya sonona.

Hesabu ndiyo iliyonizindua. Ili kufikia hicho kipimo kidogo cha miligramu 75, ningehitaji vichupa saba na nusu, yaani shilingi 33,750, na hapo ni kama kilichomo ndicho kilichoandikwa. Nilikipeleka kwa mfamasia mmoja wa Mwembe Tayari, mama wa makamo, akakiinua kwenye mwanga wa mlangoni, akakitikisa, kisha akaniuliza, "Mwanangu, unga huu ungekuwa sukari, ungejuaje?" Sikuwa na jibu. Alinidadisi kuhusu usingizi wangu na hamu ya chakula tangu tulipomzika mama, akaniandikia siku za kliniki ya afya ya akili kwenye kipande cha karatasi, wala hakunitoza hata senti.

Kwa kichupa natoa nyota moja, nayo ni ya bodaboda. Nilipoomba kurudishiwa fedha niliambiwa kwamba bidhaa iliyofunguliwa haipokelewi, ilhali kifuniko chake cha bati hakijaguswa hadi sasa.