Kuchora shairi: alama za picha au nukta za mizani?

Wiki nzima niko hapa Area C, Dodoma, nahangaika kuligeuza shairi la tarbia, lile la mistari minne kila ubeti, liwe bango, mtu alisome kwa macho bila herufi hata moja, nimejaribu njia mbili.

Ya kwanza ni picha ndogondogo, ule mtindo alioanzisha Otto Neurath kule Vienna miaka ya 1920 na baadae ukaitwa Isotype, kila kitu na alama yake, jua, mtu, ng'ombe. Mpita njia anaelewa fasta. Ila shairi linabaki habari tu, utamu wote umeenda.

Ya pili ndo imenikamata. Kila mizani, yaani silabi, ni nukta, kwahiyo mshororo (mstari) una nukta 16, yaani 8 za ukwapi, kile kipande cha kwanza, na 8 za utao, cha pili, halafu kina cha kati, ile silabi ya sauti inayojirudia, nakipa rangi ya udongo mwekundu wa huku kwetu, cha mwisho zambarau ya zabibu. Ubeti mzima nukta 64, na ukiuangalia rangi zinashuka wima kama mistari ya mizabibu shambani, halafu mshororo wa nne kina kikibadilika jicho linashtuka palepale ambapo sikio lingeshtuka. Nimemwonyesha mama mdogo, akaanza kugonga meza kwa kidole akifuata nukta, aisee nilisisimka!

Shida yake maana haionekani, lazima shairi ulijue kwanza. Bango la barabarani weka picha, sawa, ila mashairi ya vina na mizani mi naenda na nukta, na hili nalichapa hivyohivyo.