Wadenmark, Wakroatia na shilingi 45,000: tathmini ya huduma ya kutafutiwa maarifa, Mwanga, Kigoma

Huduma ninayoitathmini hapa inatolewa katika chumba cha kusomea kilicho juu ya stesheneri moja ya Mwanga, ambapo mwalimu mstaafu na vijana wawili hupokea swali la mteja, hulitafutia majibu vitabuni na kwenye intaneti, kisha humwandikia ripoti ya Kiswahili iliyochapwa na kufungwa kwa jalada gumu. Bei yao ni shilingi 45,000 kwa ripoti ya kurasa 20, nusu ikilipwa siku ya kuagiza na nusu siku ya kupokea, na muda wanaoahidi ni siku kumi. Niliwaendea kwa niaba ya chama chetu cha kufa na kuzikana cha Ujiji, ambacho mimi ni katibu wake, na kwa kuwa fedha zilikuwa za wanachama, naona ni wajibu wangu kueleza tulichopata, kilichopungua, na iwapo ningemshauri mtu mwingine kupanda ngazi zile.

Swali letu lilizaliwa barazani. Wengi wa wanachama ni wajukuu na vitukuu vya watu waliovuka ziwa kutoka Umanyema. Wapo wenye asili ya Burundi, na wapo wachache ambao babu zao walifika Ujiji na misafara ya Waarabu. Jioni moja, baada ya kukabidhi rambirambi, mazungumzo yaliangukia kwenye jambo ambalo mjini kwetu husemwa kwa sauti ya chini: kwa nini uzao wa wahamiaji fulani una maduka na nyumba za kupangisha, na uzao wa wengine waliofika karibu wakati uleule bado unabeba magunia ya dagaa katika mwalo wa Kibirizi. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema ni damu. Mama mmoja akamjibu, "Baba, damu haina hati ya kiwanja," na baraza likachafuka. Ili tuendelee kuzungumza bila kununiana, tuliamua kutafuta mfano wa mbali usiomgusa ndugu wa mtu yeyote. Kijana wetu mmoja aliyesomea historia alipendekeza Wadenmark na Wakroatia, kwa hoja kwamba wote ni Wazungu, wote walitoka kwenye mataifa madogo, na wote walihamia nchi zilezile, hivyo rangi ya ngozi haiwezi kutumika kueleza tofauti zao.

Mapokezi yalikuwa ya heshima. Nilimwamkia mwalimu, akaitikia marahaba, akanikaribisha kwenye benchi na kuniuliza swali moja kabla ya kushika kalamu: "Katibu, mnataka kujua nani amefanikiwa zaidi, au mnataka kujua kwa nini?" Nilimjibu kwamba tunataka la pili. Nalitaja hili kwa sababu ripoti ya kwanza, iliyofika siku ya kumi na tatu badala ya siku ya kumi, ilijibu la kwanza peke yake.

Ripoti hiyo ya kwanza ilikuwa na jedwali zuri na maelezo machache. Ilionyesha kwamba katika sensa ya Marekani ya mwaka 2000 watu takriban 1,430,000 walijitaja kuwa na asili ya Denmark na takriban 374,000 walijitaja kuwa na asili ya Kroatia, kwamba kipato cha kaya za makundi yote mawili kiko juu ya wastani wa nchi hiyo, na ikahitimisha kwamba Wadenmark walitangulia kwa sababu wanapenda elimu na ushirika. Hitimisho hilo, kwa maneno ya kistaarabu, ni lilelile la mzee wetu kuhusu damu. Niliirudisha kesho yake nikiwa na hoja mbili nilizoziandika pembeni kwa penseli. Kwanza, anayehesabiwa hapo ni aliyejitaja mwenyewe. Mjukuu mwenye bibi Mdenmark na babu Mjerumani huchagua jina moja au yote mawili, na hatujui kipato kile ni cha uzao wa nani hasa. Pili, Wakroatia wa kwanza walivuka bahari wakati nchi yao ikiwa chini ya Austria-Hungaria, dola iliyovunjika mwaka 1918, kwa hiyo bandarini wengi waliandikwa kuwa Waaustria, baadaye wakawa Wayugoslavia, na Kroatia ilitangaza uhuru wake mwaka 1991 tu. Kusema kwamba walikuwa wachache kabla ya mwaka 1900 kwa kutazama safu yenye jina lao ni kosa la karani. Mwalimu alinisikiliza bila kukunja uso, akayakubali makosa, akaomba wiki moja, na hakuongeza hata shilingi.

Ripoti ya pili ndiyo inayostahili tathmini hii, na sura yake iliyo bora ni ile ya Nyuzilandi, kwa sababu huko makundi yote mawili yalifika katika nchi moja, chini ya serikali moja, na kila moja likafunguliwa mlango wake. Wadenmark na ndugu zao Wanorwe waliitwa. Serikali iliwasaidia nauli, ikawapa ekari 40 kila familia kwa malipo ya polepole ndani ya msitu mkubwa, na mwaka 1872 wakaanzisha vijiji vya Dannevirke na Norsewood. Maisha hayakuwa mepesi. Walikata miti kwa shoka na kufanya vibarua vya barabara ili wapate unga, lakini aliyekuwa anaumia alikuwa anaumia juu ya ardhi itakayokuwa yake. Wakroatia wa Dalmatia, yaani pwani ya Kroatia, walikuja wenyewe, vijana wasio na wake, wakaenda kaskazini kuchimba gundi ya mti wa kauri, ambayo ni kama sandarusi iliyochimbwa zamani katika pwani yetu na ikatengenezewa vanishi vilevile. Walikuwa wachapakazi kiasi cha kuwaudhi wengine, na mwaka 1898 ilitungwa sheria iliyotenga maeneo ya gundi kwa raia wa Uingereza. Vita vilipoanza mwaka 1914 wakahesabiwa kuwa raia wa adui, kwa kuwa karatasi zao zilisema Austria, dola ambayo wengi wao waliikimbia. Waliodunduliza akiba walinunua ardhi ambayo wengine hawakuitaka karibu na Auckland, wakapanda mizabibu waliyoijua kutoka kwao. Familia ya Babich ilitengeneza mvinyo wake wa kwanza mwaka 1916, na George Fistonich, mtoto wa wahamiaji hao, alianzisha kampuni ya Villa Maria mwaka 1961. Aliyesoma sura hii hawezi tena kusema kwamba kundi moja lilipenda kilimo na jingine halikukipenda.

Sura ya Marekani inafuata njia hiyohiyo kwa uwanja mpana zaidi. Denmark ilishindwa vita na Prussia, dola ya Wajerumani, na Austria mwaka 1864 na kupoteza majimbo ya kusini. Vijana waliokataa kulitumikia jeshi la Prussia waliondoka, na wakulima wasio na ardhi wakawafuata. Wimbi lao lilifika kileleni miaka ya 1880, wakati sheria ya mwaka 1862 ya kumpa mlowezi ekari 160 kwa ada ndogo, akikaa na kulima miaka mitano, ilipokuwa bado na ardhi nzuri ya kugawa kule Nebraska na majirani zake. Dalmatia iliharibikiwa baadaye kidogo: wadudu wa filoksera walishambulia mizabibu, mkataba wa mwaka 1891 ukafungua mlango kwa mvinyo wa bei nafuu wa Italia, na meli za mvuke zikawanyima kazi mabaharia wa matanga. Wakroatia wengi walipowasili, kati ya miaka ya 1890 na 1914, ardhi nzuri ilikuwa imeshakwisha, na kilichowasubiri kilikuwa makaa ya mawe na viwanda vya chuma vya Pennsylvania, na shaba ya Michigan. Walikaa katika nyumba za kupanga ambamo kitanda kimoja kililaliwa kwa zamu, anayerudi kutoka kazi ya usiku akikuta shuka bado lina joto la mwenzake. Kisha sheria ya mwaka 1924 ikaweka kikomo cha kila nchi kwa kutumia sensa ya zamani ya mwaka 1890, makusudi ili watu wa kusini na mashariki mwa Ulaya wapungue: Denmark, yenye watu zaidi kidogo ya milioni tatu, ilipewa nafasi 2,789 kwa mwaka, na Yugoslavia nzima, ambayo Kroatia ilikuwa sehemu yake, yenye watu takriban milioni 12, ilipewa nafasi 671. Niliposoma tarakimu hizo mbili nilifunga kitabu kwa muda. Ukiyajua haya, kule kukaribiana kwa vipato vya leo, ambako ripoti ya kwanza ilikupita haraka, ndiko kunakohitaji maelezo.

Maelezo hayo yanapatikana, kwa maoni yangu, katika kurasa tatu zinazohusu vyama. Wakroatia wa eneo la Pittsburgh waliunda mwaka 1894 chama ambacho mwanachama alikichangia na, akifa, familia yake ikalipwa. Mwaka 1926 kiliitwa Umoja wa Kindugu wa Wakroatia, na kipo hadi leo. Kule New Orleans wavuvi wa chaza kutoka Dalmatia walikuwa wametangulia na chama chao tangu mwaka 1874. Sihitaji kueleza kwa nini katibu wa chama cha kufa na kuzikana alizisoma kurasa hizo mara mbili. Mchimba makaa hakuwa na hati ya shamba ya kumwachia mjane wake. Alikuwa na daftari la michango.

Wadenmark nao walibeba ushirika wao. Mwaka 1882 wakulima wa Hjedding nchini Denmark walianzisha kiwanda cha maziwa cha ushirika, na katika ushirika wa aina hiyo kura ilihesabiwa kwa kichwa cha mtu badala ya idadi ya ng'ombe wake. Mwaka 1890 wahamiaji wa Clarks Grove, Minnesota, wakafungua chao, kikawa mfano kwa wengi. Walibeba pia vyuo vya wananchi vilivyotokana na mawazo ya mchungaji wa Denmark N.F.S. Grundtvig, cha kwanza kikifunguliwa Elk Horn, Iowa, mwaka 1878. Hapa waandishi wa ripoti walifanya jambo lililonifurahisha: walikumbusha kwamba Vyuo vyetu vya Maendeleo ya Wananchi, kama kile cha Kasulu, ambavyo Tanzania ilivianzisha miaka ya 1970 kwa msaada wa Sweden, vinatokana na mkondo huohuo wa mawazo. Shemeji yangu alijifunza useremala Kasulu, na wala hakujua.

Ripoti haikusahau kwamba mafanikio yana gharama. Wadenmark walitawanyika mashambani, wakaoa na kuolewa nje, na lugha yao ikafifia mapema. Waliokusanyika makusudi, kama waanzilishi wa mji wa Solvang, California, mwaka 1911, ni wachache. Wakroatia, kwa kubanana katika mitaa ya viwanda, walidumisha parokia na vikundi vyao vya muziki wa tamburica, ala yao ya nyuzi, kwa vizazi. Katika kanisa lao la Millvale, Pennsylvania, kuna michoro ya ukutani ya Maxo Vanka ya mwaka 1937 na 1941, inayoonyesha akina mama wakimlilia mwana aliyekufa mgodini. Nakala tuliyopewa ya mchoro huo ilichapwa kwa wino hafifu, na bado iliwanyamazisha watu barazani.

Kasoro ninazozitaja ni hizi. Ukurasa wa 14 umeandika kwamba Denmark ilishindwa mwaka 1846, wakati ukurasa wa 9 una mwaka sahihi. Mgawanyiko wa kanisa la Wadenmark wa mwaka 1894 umekula kurasa mbili ambazo zingetosha kuwa aya moja. Wanawake wamepewa nusu ukurasa, ingawa nyumba zile za wachimbaji ziliendeshwa na wake waliopika, wakafua na kukanda mkate wa watu kumi au zaidi kila siku, na mapato hayo ndiyo mara nyingi yaliyonunua nyumba ya kwanza ya familia. Kosa hili nililieleza kwa uzito, na nimeahidiwa nyongeza. Maandishi ni madogo mno kwa macho ya wazee, kwa hiyo wanaoagiza waombe mapema yakuzwe. Chumba chenyewe ni safi, lakini kina meza moja, na umeme ukikatika hakuna kinachoendelea.

Kwa bei ile, na kwa sharti kwamba mteja aisome ripoti ya kwanza kwa makini na asione haya kuirudisha, naipendekeza huduma hii kwa vyama, shule na vikundi vya wavuvi. Uungwana wa kukubali kosa bila kudai malipo ya pili si wa kawaida katika biashara za mji huu, na ndio ulionifanya niandike.

Tuliisoma ripoti barazani kwa jioni mbili. Sehemu iliyozua maswali mengi ilikuwa fupi: Martin Bogdanovich, mvuvi kutoka Komiža katika kisiwa cha Vis, aliyeanza kusindika samaki karibu na San Pedro, California, mwaka 1917, kampuni ikaja kuwa StarKist, inayouza samaki wa makopo, na Mario Puratić wa kisiwa cha Brač, aliyebuni miaka ya 1950 kapi la mashine linaloinua wavu mzito kutoka majini, kazi iliyokuwa ikivunja migongo ya watu wengi. Mzee wetu aliyesema ni damu aliweka kidole juu ya picha ya kapi hilo, akakiacha pale kwa muda, kisha akauliza kama laweza kufungwa kwenye boti zetu za mbao na lingegharimu kiasi gani. Jumatatu nilipanda tena zile ngazi za Mwanga na kulipa shilingi 22,500 za mwanzo kwa swali hilo.